Askofu Steere na Wasimulizi wa Unguja



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaleteeni habari za wale waliotutangulia katika kazi ya Bwana. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakufika Mandewa kamwe, wala misheni yake haikufika Singida, lakini kazi yake hutufikia kila Jumapili: Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile iliyojulikana kwa herufi zake UMCA.

Tumemchagua kwa sababu. Wengi wenu mnajua neno lililozuka kati yetu. Walimu wa Shule ya Jumapili walianza kuwasimulia watoto hadithi za sungura na fisi kabla ya somo, kusudi wapate kutulia na kusikiliza. Baadhi ya wazee wakahuzunika. Wakasema kwamba hadithi hizo ni mambo ya zamani ambayo wazazi wetu waliyaacha walipobatizwa, na ya kuwa sungura huwafundisha watoto uongo. Wengine, hasa akina mama, wakajibu kwamba wajukuu wao hawajui tena hata hadithi moja ya Kinyaturu wala ya Kinyiramba, na wazee waliozijua wanazikwa mmoja mmoja. Pande zote mbili zinalitakia Kanisa mema. Kwa hiyo, kabla hatujakaza neno lolote, tumeona ni vema tutazame maisha ya mtu ambaye alikuwa Askofu, tena mfasiri wa Maandiko, naye aliketi kusikiliza hadithi.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwezi wa Mei mwaka 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1850 akapata shahada ya udaktari wa sheria, akakubaliwa pia kuwa wakili. Tunaomba mlishike jambo hili. Mwanasheria hufundishwa kusikiliza shahidi mpaka mwisho na kuandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatengeneza yapendeze. Tabia hiyo hakuiacha alipovua vazi la uwakili.

Hakukaa sana mahakamani. Alipewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858, na mwaka 1862 akawa kasisi wa parishi ya Little Steeping, huko Lincolnshire. Ilikuwa parishi ya shamba, yenye wakulima na wafugaji, si tofauti sana na mitaa yetu mingi. Labda angezeekea huko, lakini rafiki yake William Tozer aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa misheni mwaka 1863, baada ya Askofu Mackenzie kufa kwa homa. Tozer akamwomba aende naye kwa muda. Muda huo ukawa maisha yake yote.

Walianza upande wa mto Zambezi, mahali pa magonjwa na njaa, wakaona hapakaliki. Ndipo wakahamia Unguja, wakafika mwishoni mwa Agosti 1864. Mji ule ulikuwa mkubwa, wenye biashara ya karafuu na pembe, tena ulikuwa na soko la watumwa. Watu wa bara waliletwa hapo wamefungwa, nao wakauzwa kama mbuzi mnadani. Steere alikuwa na miaka 36, na Kiswahili hakukijua.

Hapa ndipo yalipo mafundisho yetu ya kwanza. Mtu aliyetaka kuhubiri angeweza kujifunza maneno machache ya kuhubiria, akaridhika. Steere hakufanya hivyo. Alitambua kwamba lugha haikai katika orodha ya maneno, bali hukaa katika vinywa vya watu wanapozungumza yale wanayoyapenda. Basi akaketi na watu wa Unguja, Waislamu wa mji ule, akawaomba wamsimulie hadithi. Wao wakasimulia, yeye akaandika. Alipokosea walimsahihisha. Daktari wa sheria akawa mwanafunzi, na walimu wake wakawa watu ambao Wazungu wengi wa siku zile wasingedhani wana la kufundisha.

Katika kusikiliza aligundua jambo ambalo mabibi zetu wangelijua bila kuambiwa. Aliona kwamba hadithi nyingi za watu zina wimbo ndani yake, na wimbo ukifika wote waliopo huuitikia pamoja. Akaona zaidi ya hayo: mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika wimbo, na maneno ya kuunganisha wimbo na wimbo msimulizi huyatunga papo hapo. Maana yake ni kwamba wimbo haubadiliki, lakini maelezo hubadilika kila jioni kwa kadiri ya msimulizi na wasikilizaji wake. Alilichapa neno hilo mwanzoni mwa kitabu chake, na wataalamu wa fasihi simulizi wamelirudia mara nyingi tangu hapo.

Naye hakuwa mpokeaji tu. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na mwaka 1867 kikatoka hapo kijitabu cha Kiswahili kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne za michezo ya Shakespeare, kama ndugu wawili Charles na Mary Lamb walivyozisimulia upya kwa ajili ya vijana. Kwa hiyo mfalme Lear na mfanyabiashara wa Venice walisema Kiswahili Unguja zaidi ya miaka tisini kabla nchi yetu haijapata uhuru. Steere alipewa hadithi, naye akatoa hadithi.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza kwa miaka minne, na katika muda huo, mwaka 1870, vitabu vyake viwili vikatoka London. Kimoja kilikuwa cha kufundisha Kiswahili. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi za Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alizichapa hadithi hizo kama hadithi, bila kuzigeuza kuwa mahubiri. Tuzitazame mbili, maana ndani yake limo jibu la swali letu.

Ya kwanza ni ile ya kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, akawa akimtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa akamkaribisha kwao, akambeba mgongoni. Walipofika mbali, papa akamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alimwambia papa kwamba wao kima wakisafiri huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Papa akarudi, kima akaruka juu ya mti. Alipoitwa tena, akamsimulia papa hadithi nyingine, ya punda wa dobi, aliyedanganywa na sungura akaenda kwa simba, akaponyoka, kisha akadanganywa mara ya pili akaliwa. Simba alipotaka kula moyo na masikio yake hakuviona, kwa kuwa sungura alikwisha kuvila. Sungura akamjibu ya kuwa punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angekuwa navyo asingerudi.

Wengi wetu tuliisikia hadithi hii utotoni, wengine tuliisoma shuleni, tukadhani ni ya pwani tangu asili. Sivyo. Katika vitabu vya kale vya Bara Hindi imo, na huko mwenye kumbeba kima ni mamba wa mtoni. Ilipopita kwa Waajemi na kuingia katika Kiarabu, katika kitabu cha Kalila na Dimna cha karne ya nane, mamba akawa kobe. Ilipofika Unguja kwa watu wa jahazi, kobe akawa papa, na mti ukawa mkuyu. Mifupa ni ile ile, nyama ni ya mahali. Hakuna aliyeiharibu. Kila mmoja aliisimulia upya ili watu wake waione kwa macho yao.

Ya pili ni ya Sultani Darai. Maskini mmoja, jina lake Hamdani, alikuwa akichakura jaani apate punje za mtama. Akaokota thumuni moja akanunua paa. Paa yule alikuwa na akili ya ajabu. Aliokota almasi, akampelekea sultani mmoja kana kwamba ni zawadi ya bwana wake, akamwozesha bwana wake binti wa sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akampatia bwana wake nyumba yenye mali. Wafaransa wanayo hadithi inayofanana na hii, ya paka mwenye viatu, iliyoandikwa na Perrault mwaka 1697. Lakini yule paka mwishoni huwa mtu mkubwa, anastarehe, na bwana wake anastarehe, hadithi inakwisha.

Msimulizi wa Unguja hakuikubali starehe hiyo. Katika hadithi yake paa anaugua, naye anamtuma bibi kizee aombe chakula kizuri kwa bwana. Hamdani, aliyekuwa maskini wa jaani, anaamuru apewe uji wa mtama mbaya. Mke wake anamsihi, hasikii. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo, naye Hamdani anaamuru atupwe kisimani. Usiku mmoja Hamdani anaota yuko jaani akichakura, akiamka anajikuta yuko jaani kweli, na mkewe yuko kwa baba yake. Hapo ndipo hadithi inakwisha.

Twaomba mpime, ndugu. Ni nani aliyemfundisha mtu yule wa Unguja kuugeuza mwisho namna hii? Hatuna haja ya kubuni majibu. Itoshe kusema kwamba aliishi katika mji ambamo wengine walikula jasho la wengine wakasahau shukrani, na hadithi yake ikalisema hilo bila kumtaja mtu. Nabii Nathani alifanya vivyo hivyo mbele ya mfalme Daudi, alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Angesema wazi tangu mwanzo, huenda mfalme angekasirika. Alisimulia hadithi, na mfalme akajihukumu mwenyewe.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa. Sehemu ya kiwanja kile ikapatikana kwa ajili ya Kanisa, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo. Askofu Tozer aliacha kazi kwa sababu ya afya, na mwezi wa Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu London kuwa Askofu mahali pake. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kwenda bara, na hapo likaanza kanisa la Masasi. Katika mji wa Unguja alisimamia mwenyewe ujenzi wa Kanisa Kuu, lenye paa la kuba la mawe ya matumbawe na saruji, ambalo wengi waliona litaanguka. Limesimama mpaka leo.

Usiku, kazi ya mchana ikiisha, alitafsiri. Agano Jipya lote lilikamilika kwa Kiswahili cha Unguja, pamoja na sehemu nyingine za Maandiko na sala. Sasa mwaona kwa nini tumeeleza habari za wasimulizi kwanza. Mtu huyu alijifunza wapi namna Mswahili anavyoanza habari, anavyounganisha jambo na jambo, anavyomfanya msikilizaji angoje? Alijifunza kwa kima na papa, kwa Hamdani na paa wake. Mifano ya Bwana wetu ilipohitaji lugha ya kusimuliwa, lugha ilikuwa tayari, imelainishwa na watu waliokuwa hawajasikia Injili. Kiswahili hicho hicho cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo Injili tunayoisoma kwa Kiswahili hapa Mandewa ina deni kwa wasimulizi wa Unguja.

Askofu Steere alikufa ghafula Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya Kanisa lile alilolijenga. Na tazameni jinsi mambo yalivyo: msikilizaji wa hadithi amekuwa hadithi. Wageni wakifika Kanisa Kuu huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa juu chini, nao husimuliwa kwamba mafundi walifanya hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Kila anayesimulia huongeza kidogo.

Lakini habari za zile hadithi hazikuishia kaburini. Mwaka 1901 Andrew Lang wa London alizitengeneza kadhaa upya kwa Kiingereza, akizitoa katika kitabu cha Steere, akaziweka kati ya hadithi za mataifa mengine kwa ajili ya watoto wa Kiingereza. Mwaka ule ule kikatoka Chicago, Marekani, kitabu cha George Bateman chenye nyingi ya hadithi hizo hizo, zimesimuliwa upya kwa maneno yake. Hatuwalaumu, maana wasimulizi wa Unguja nao walizipokea toka mbali. Ila tunasema hivi: hadithi haikosi msimulizi. Usipoisimulia wewe kwa watoto wako, ataisimulia mwingine kwa watoto wake, na wako wataisoma kama wageni.

Kuna kitabu kingine kinachotugusa zaidi. Misheni ilikuwa na shule Kiungani, Unguja, na wengi wa vijana wake walikuwa wamekombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walitoka kabila mbalimbali za bara, na wengi waliondolewa kwa mama zao wakiwa wadogo sana. Mwaka 1887, miaka mitano baada ya kifo cha Askofu Steere, mwenzake wa misheni, A. C. Madan, alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na vijana hao wenyewe. Walieleza jinsi walivyokamatwa, na pamoja na hayo wakaandika mila na hadithi za kwao. Watoto walionyang'anywa kila kitu walikuwa bado wanazo hadithi. Hawakuagizwa kuzisahau ili wawe Wakristo.

Basi turudi kwetu Mandewa. Hatukuandika haya ili kuwashinda wazee wetu waliohuzunika. Hofu yao ina sababu, maana si kila jambo la zamani ni jema, na hadithi inayomdharau mlemavu au mwanamke haina nafasi mbele ya watoto, wala hatuombi ipewe. Lakini msimulizi ana uhuru wa kuchagua, na huo ndio urithi wenyewe. Kuhusu sungura na uongo, tukumbuke kwamba kima alimdanganya aliyetaka kumwua. Mtoto aweza kuulizwa kama kima alitenda dhambi au aliokoa maisha, na swali hilo ni somo kamili la Jumapili. Tena mtoto atakayejua kwamba aliyerudi kwa simba mara ya pili alikosa moyo na masikio, amepata silaha ya kuwakabili wadanganyifu wa siku hizi, nao ni wengi.

Tunachopendekeza ni kidogo. Mara moja kwa mwezi, mzee mmoja au mama mmoja wa Umoja wa Mama aje kuwasimulia watoto hadithi ya kwao, kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo au lugha yoyote iliyo nyumbani mwake, kisha kwa Kiswahili ili wote waelewe. Wimbo wa hadithi usibadilishwe, uimbwe kama ulivyo, hata kama maneno yake mengine ni ya zamani. Maelezo yawe huru. Sisi hatuna bahari wala papa. Msimulizi wa Mandewa akitaka, kima wake na aketi juu ya mwamba mmojawapo wa miamba yetu, atazame ziwa Singidani, na watoto wenyewe waamue ni nani atakayekuja kumchukua. Na mmoja wa vijana wetu waliosoma aketi pembeni na daftari, aandike kila neno kama lilivyosemwa, kama yule mwanasheria alivyofanya.

Wazee wetu wanaozijua hadithi hizi si wengi tena. Mwaka huu tumezika wawili waliozijua, na daftari hatukuwa nalo.